Gauni la Bibi

Lifti iliyokwama katika jengo la maduka ilipofunguliwa, umati uliokuwa ukisukumana kuingia ulibaki umekodoa macho. Ndani alisimama binti mwenye gauni la kizamani lenye kola ya juu, likiburuzika sakafuni, amekumbatia kioo cha taa ya mafuta kama kitoto kichanga. Fundi lifti, jasho likimtiririka, alisahau hata bisibisi mkononi.

"Shikamoo, Bibi," alisema. "Umekwama humu tangu mwaka gani?"

Watu wakaangua kicheko. Binti naye akacheka, ingawa alikuwa na haraka.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nisindikize basi, wasije wakanivunjia kioo."

Alimsindikiza hadi getini kwao. Lilikuwa shamba la ukoo, limezingirwa na maghorofa pande zote, na sasa ni makumbusho ambamo watu bado wanaishi. Ng'ombe wanakamuliwa, mahindi yanasagwa kwa jiwe, na wageni huja kutazama maisha ya zamani. Kazi ya binti ilikuwa kuigiza kuwa bibi yake mzaa baba, kutwa nzima. Mbele ya wageni ilikuwa mwiko kutoka nje ya enzi hizo.

Jioni simu ziliwaka moto.

"Bibi, umekula?"

"Nimekula, mtundu wewe."

"Nakuota hata nikiwa juu ya lifti."

"Koma! Utaanguka unifanye mjane kabla ya harusi."

"Kumbe harusi ipo?"

Binti alificha uso kwenye mto, akacheka peke yake.

Lakini lipo jambo alilomficha, kwa haya. Akili ya baba yake ilikuwa imepotea, na mzee alikwisha kumsahau binti yake kabisa. Akimwona katika nguo nyingine alimfukuza kama mwizi. Ni gauni lile tu lililomtuliza, na alipoliona alimwita Mama. Jamani, kuitwa mama na baba yako mzazi! Kila siku iliuma upya.

Jumamosi moja shamba lilifurika wageni. Fundi aliingia jikoni na suti ya kijivu, viatu vikimeta, akapiga goti kwenye unga uliomwagika.

"Bibi wangu, kubali nikuoe."

Wageni wakashangilia, wakidhani ni maonyesho. Kwenye kigoda kando ya jiko, mzee akaanza kutetemeka.

"Mama, anakuchukua? Usiniache!"

Binti aliitazama pete. Akamtazama baba yake.

"Ondoka, bwana," alisema. "Mimi nina mume na mtoto. Siendi popote."

Makofi yakavuma. Fundi akainuka, goti limejaa unga, akatoka bila kuaga.

Jioni fundi ndiye aliyepiga simu. "Sawa, kazi ni kazi. Ulishindwa hata kunikonyeza? Mpaka na yule mzee wenu wa maigizo mkamtuma anicheze shere!"

"Yule si wa maigizo, mpenzi, yule ni..."

Fundi alikwisha kukata simu. Hakupokea tena.

Mvua zilipoanza, mzee alifariki. Fundi alipita pale akielekea kazini, akaona picha getini, na chini yake tangazo la msiba lililomtaja binti kuwa mwana wa marehemu. Akamtambua mzee wa kigoda. Aliingia mbio, akamkuta binti jikoni na kanga nyeusi, gauni la bibi limetundikwa ukutani.

"Alikuwa baba yako," alisema fundi. "Nami nikamtukana."

"Hukujua. Mimi ndiye sikukwambia."

"Nisamehe, Bibi. Pete bado ninayo."

"Usiniite Bibi." Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, hakuyafuta. "Amekufa ameushika mkono wangu ananiita Mama. Nilivua gauni makusudi, nikamsogelea, nikamngojea aniite mimi, hata mara moja tu. Hakunifukuza, lakini hakuniita mimi. Hiyo pete iweke kwanza. Niite jina langu."

Fundi akachuchumaa mbele yake, akalitaja.

"Tena," alisema binti.

Akalitaja tena, polepole, na binti akaitika kama mtoto anayeitwa na baba yake kutoka nje.

"Abee."