Waya Uliozunguka Nyumba ya Mwera

Siku fundi Manase alipofika Mwera, mvua ya usiku ilikuwa imekatika na jua limetoka zuri. Hamdiya alikuwa uani anapeta mchele. Alimsikia mumewe, Turki, akimkaribisha mgeni barazani kwa uchangamfu ambao hakuwa nao tangu wezi walipowaingilia.

Wezi hao walikuja wakati nyumba nzima iko mazishini Pangani. Walibeba mbata za nazi ghalani, wakabeba redio, wakabeba na sanduku la nguo za marehemu bibi yake Turki. Tangu hapo Turki hakuwa mtu wa kutulia. Alitia nondo kila dirisha, akabadili vitasa, na bado kuti likianguka shambani alisimama kusikiliza. Mwisho akasikia kwamba Tanga yuko Msambaa mmoja, Mlutheri wa Bumbuli, anayefunga kengele za umeme katika nyumba za mameneja wa mkonge. Akamtumia gari.

Manase alitandaza vitu vyake juu ya mkeka: betri, kengele ya shaba, mizingo ya waya uliovikwa pamba nyeupe. Hamdiya akaitwa naye aone, maana ndiye angebaki na nyumba mumewe akisafiri.

Fundi akaeleza kwamba ziko namna mbili. Katika ya kwanza, waya hulala tu hauna umeme. Mlango ukifunguliwa vyuma viwili hugusana, kengele ikalia. Katika ya pili, umeme huzunguka nyumba nzima usiku na mchana, mlango kwa mlango, dirisha kwa dirisha, mpaka urudi kwenye betri ulikotoka. Hapo mwizi hata akikata waya, kengele hulia, wala hainyamazi mpaka izimwe kwa swichi. Tena kuna ubao wa kutundika ukutani, wenye vidirisha vidogo. Mlango ukiguswa tu, kengele hulia mara moja, kibati chekundu hudondoka kwenye kidirisha chake, na mwenye nyumba akajua ni mlango upi.

Hamdiya alipenda ile ya kwanza. Alisema ile ya pili inamfanya aone kama nyumba imefungwa kamba. Turki akacheka, akachagua ya pili. Akataka swichi iwekwe ndani ya kisanduku cha mti chenye kufuli, na ufunguo akae nao yeye.

Bi Mwanamkasi, mzee wa Tongoni aliyemlea Turki tangu yu mchanga, alikuwa ameleta kahawa. Alisimama na dele mkononi akauliza jambo moja tu: alasiri milango itafunguliwaje?

Katika nyumba ile, kila ikishaswaliwa alasiri, mlango wa nyuma na mlango wa mbele uliachwa wazi kidogo mpaka jua lizame. Hamdiya alipoolewa aliambiwa ni kwa ajili ya upepo.

Turki akamjibu kwamba kuanzia leo haitafunguliwa. Bi Mwanamkasi akaweka dele chini, akarudi jikoni. Kahawa hakuimimina.

Siku za mwanzo hazikuwa na neno. Turki alikuwapo, mchana akiizima kengele kwa ufunguo wake na kuiwasha usiku, na milango yote ikikaa na makomeo. Hamdiya aliona joto tu. Hewa ya ndani ilikuwa nzito, kama ya chumba alimolala mgonjwa, na kila alipoingia chumbani kwake alihisi amemkatiza mtu maneno.

Kisha Turki akapata safari ya Tanga kwa wanunuzi wa mbata. Aliondoka asubuhi. Alifunga mlango wa mbele kwa nje akaenda na ufunguo, akawasha kengele, akafunga kisanduku, na ufunguo wa kisanduku akautia mfukoni. Mlango wa nyuma aliwaachia ufunguo wake, ila kwa dharura, maana ukifunguliwa kengele italia na wafanyakazi watakuja mbio na mapanga. Ua ulikuwa ndani ya kuta za nyumba, na kisima humo humo. Jiko lilikuwa uani. Hakuona sababu ya mwanamke kutoka.

Adhuhuri mvua ikarudi. Alasiri wanawake wale wawili wakaswali, wakakaa ukumbini, Hamdiya akishona, bi Mwanamkasi akichambua choroko. Nyumba ilikuwa na giza la mawingu.

Kengele ikalia. Mlio mmoja, mfupi.

Hamdiya akatazama ubao. Kibati cha mlango wa nyuma kilikuwa kimedondoka. Akaenda akaukuta mlango umefungwa, komeo mahali pake, kavu. Alipokuwa akirudi ikalia tena. Mlango wa mbele. Nao ulikuwa umefungwa.

Likafuata dirisha la sebule. Dirisha la chumba cha wageni. Dirisha la ghala. Vibati vilidondoka kimoja baada ya kingine, kwa mpango, kuizunguka nyumba, kama mtu anayejaribu kila mahali kwa zamu. Kisha vibati vikapanda vyenyewe, na mzunguko ukaanza upya, kwa haraka zaidi.

Hamdiya alisogea karibu na mzee. Akanong'ona kwamba wezi wamerudi, wanatafuta pa kuingilia.

Bi Mwanamkasi hakuinua macho kwenye choroko zake. Mikono yake ilikuwa imesimama.

“Hakiingii, mwanangu,” akasema taratibu. “Kinatafuta pa kutokea.”

Ndipo alipomweleza, kwa sauti ya chini sana, kwamba nyumba imejengwa juu ya njia. Babu yake Turki aliambiwa asijenge pale, akajenga. Kuna kitu hutoka makaburini bondeni kila alasiri kikienda pwani, na njia yake hupita katikati ya ukumbi huu. Bibi yake Turki alikuwa akikiachia milango, kikaingia huku kikatokea kule, hakikumdhuru mtu. Nini hasa, mzee hakukijua. Aliyejenga alikijua, na hakukisema.

“Siku ile fundi anamaliza waya,” akasema, “ilikuwa ni alasiri. Kilikuwa humu ndani.”

Hatua zilipita ukumbini. Nyepesi. Majimaji.

Hamdiya akachukua ufunguo, akakimbilia mlango wa nyuma. Kitasa kilizunguka. Komeo likatoka. Mlango haukwenda. Akausukuma kwa bega. Haukwenda. Ubao wake ulikuwa wa moto, na pembeni ya mkono wake, juu ya mti mkavu, ilitokea alama ya kiganja, imelowa. Kisha ya pili. Kitu kilikuwa kinasukuma pamoja naye.

Akarudi nyuma bila kugeuka.

Nje zilisikika sauti. Alikuwa Idarusi, nyapara wa shamba, amekuja na watu wake kwa ajili ya kengele. Alibisha mlango wa mbele akauliza kama bibi yu salama. Hamdiya akafungua kinywa ajibu.

Sauti yake ikajibu kutoka sebuleni. Si kinywani mwake.

“Hapana kitu, Idarusi. Ni upepo tu. Nendeni.”

Ilikuwa sauti yake hasa, na ule mkwaruzo wake wa mafua ya wiki ile. Idarusi akasema haya bibi. Hamdiya akapiga kelele, lakini mvua ilikuwa nzito juu ya bati, na miguu ikaondoka barazani.

Bi Mwanamkasi alimshika mkono. Wake ulikuwa baridi.

“Ukate,” akanong'ona. “Waya. Ukate.”

Mkasi ulikuwa kwenye kapu la kushonea, ukumbini, mahali hatua zilipokuwa zikizunguka. Hamdiya alitambaa. Alipita chini ya ubao, na vibati vikidondoka juu ya kichwa chake. Kitu kilisimama. Alihisi kimesimama. Hakutazama juu. Akaupata mkasi, akaupata waya ukutani, akakata.

Vibati vyote vikadondoka pamoja. Kengele ikalia, na safari hii haikunyamaza.

Ililia mpaka Idarusi akarudi. Sauti ile ikamwambia tena aende zake, ikamwambia mara ya pili, na mara ya tatu ikamwambia kwa ukali. Lakini kengele ilikuwa inalia, na Idarusi alikuwa mtu wa kuamini masikio yote mawili. Akazunguka nyuma, akaupiga mlango kwa shoka.

Mlango ulipoanguka, kitu baridi kilimpita Hamdiya kikamwacha nguo zimelowa upande mmoja. Wanaume waliosimama nje walisogea pembeni wote kwa pamoja, kama watu wanaompisha mtu mzima. Baadaye waliulizwa, na hakuna aliyejua kwa nini alisogea.

Turki aliporudi alikasirika kwa ajili ya mlango, akasema ni panya na mvua. Akamwita Manase aje afunge upya. Hamdiya akamwambia wazi kwamba waya ukirudi ukutani, yeye anakwenda kwa wazazi wake Nguvumali. Alikuwa mke asiyebishana, na Turki akamwambia fundi aufungue wote.

Manase aliufungua kimya kimya, chumba kwa chumba, akiuviringisha mkononi. Pamba yake ilikuwa bado nyeupe, mpya, kama alivyoifunga. Alipofika chumbani kwa mwenye nyumba alikaa sana. Kisha akatoka akamwita Hamdiya, akamwomba radhi, akamuuliza kama kuna mtu aliyekuwa akiuchezea waya.

Alimwonyesha kipande cha urefu wa shubiri moja. Pamba ilikuwa imelika yote, na shaba iliyobaki imelainika na kung'aa, kama kitu kilichoshikwa mkononi miaka mingi bila kuachiwa.

Hamdiya aliuliza kimetoka wapi.

Manase aligeuka. Akanyoosha kidole ndani ya chumba, mpaka kwenye kitanda, chini ukutani, upande ambao Hamdiya huweka kichwa chake.