Salamu ya Kumulika Uso

Kila jioni Enyonam alisonga akple, ugali wa mahindi na muhogo, akaifunika kwa sahani, akaishusha ziwani pamoja na pilipili na samaki wa kukaanga. Yeye na mumewe, Dotse, walivua pamoja. Enyonam alikaa nyuma akiendesha mashine ya boti. Dotse alikaa mbele na nyavu, mkononi ana tochi.

Wanaume wa kijiji chao, Adzakope, walimtania Dotse kwamba anaendeshwa na mkewe.

"Bora mimi ninayeendeshwa," aliwajibu. "Ninyi mnaojiendesha, kila mwezi mnagonga."

Hakusema uongo. Ziwa Volta lilikuwa msitu kabla mto haujazuiwa. Maji yalipopanda, miti ilikufa imesimama. Visiki vingine vinachomoza, na hivyo si vibaya. Vibaya ni vile vilivyojificha shibiri moja chini ya maji. Boti ya mbao ikikigonga kimoja kwa kasi, inapasuka kama kibuyu.

Kwa hiyo, tochi yao ilipofifia, walikwenda sokoni Dzemeni kutafuta kurunzi. Enyonam alimpeleka mumewe kwanza kwa Daa Mawuse, mama mwenye kibanda cha kuchaji betri. Miaka kumi na miwili mama huyu alitunza taa za kivuko. Alimtolea Dotse kurunzi ndogo ya mwanga wa manjano.

Dotse aliicheka. "Daa, hii ina rangi ya chai. Wauzie wanaotafuta sindano uvunguni."

"Efo Dotse, kaka yangu, harmatani inakuja. Upepo huo ukijaza vumbi hewani, mwanga mweupe mkali hautakusaidia."

"Giza halijawahi kushinda mwanga."

Alikwenda kwa mchuuzi mwingine, akanunua kurunzi kubwa kama chungu. Sanduku lake liliandikwa kwamba inamulika kilomita mbili. Enyonam aliona jinsi watu walivyogeuka kuitazama. Dotse akavimba kichwa. Enyonam angeweza kusema neno pale, lakini alinyamaza. Kunyamaza huko kulimtafuna baadaye kuliko mambo yote.

Usiku wa kwanza tu aliona tatizo. Omo, ile ncha ya mbele ya boti yao, ilikuwa imepakwa rangi nyeupe. Mwanga ulipiga pale ukamrudia machoni.

"Baba Sena," alimwambia mumewe, "unanipofusha. Sioni njia."

"Utazoea."

Hakuzoea. Aliendesha kwa kukumbuka tu visiki viko wapi.

Sasa, pale ziwani kuna desturi. Boti mbili zikikutana usiku, kila mmoja humulika uso wa mwenzake, amjue, amsalimie, aulize wa nyumbani. Ukipita bila kumulika, unaambiwa umepita kama mwizi wa nyavu. Zamani, kwa taa za mafuta na tochi hafifu, desturi hiyo haikumdhuru mtu.

Usiku mmoja wa Januari vumbi la harmatani lilitanda juu ya maji. Dotse alisikia mashine ikikohoa kwa mbali. Mashine ile waliijua wote wawili. Ilikuwa ya Kwami, kaka yake Enyonam, aliyekuwa akirudi kutoka sokoni na mkewe, Akpene.

"Shemeji huyo," alisema Dotse. "Ngoja nimwonyeshe kitu."

Alimjua, na bado akammulika. Aliuelekeza mwanga wote usoni kwa Kwami, akaushikilia hapo. Kwami aliinua mkono kujikinga, akicheka.

"We Dotse! Umenunua jua?"

"Wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo! Zima basi, mtu wangu, sioni."

Dotse alizima. Alizima akicheka. Mashine ya Kwami iliendelea kidogo gizani, kisha wakasikia mbao zikipasuka. Mashine ikanyamaza. Akpene akaanza kuita.

Dotse aliwasha tena. Kurunzi ya kilomita mbili ilitoa ukuta mweupe wa vumbi, na nyuma ya ukuta ule sauti ya mwanamke ikilia. Aligeuza kushoto, ukuta. Kulia, ukuta.

"Zima!" Enyonam alimwambia. "Zima hilo lidude!"

Alizima, lakini macho yao yalikuwa yamekwisha kufa. Walipiga makasia polepole wakiifuata sauti, wakipapasa maji kwa mikono. Walimkuta Akpene amekumbatia kisiki. Kwami hakuwapo. Alipatikana siku ya tatu.

Msibani watu walisema ziwa limechukua chake. Wanaposema hivyo hakuna anayeulizwa kitu, na ndiyo maana husemwa sana. Akpene hakusema hivyo. Hakumwambia Dotse neno, wala hakumwambia Enyonam. Wifi huyo, aliyekuwa akimsuka Enyonam nywele kila Jumapili, sasa alimpita kama nguzo.

Baada ya mazishi Enyonam aliichukua ile kurunzi akaenda nayo Dzemeni. Dotse alimfuata, akasimama nje ya kibanda.

"Daa Mawuse, kaka yangu kauawa na nini?"

"Unataka nikufariji au nikueleze?"

"Nieleze."

Daa Mawuse alifuta mikono. "Macho yakikaa gizani yanajifunza kuona. Yanachukua karibu nusu saa. Mwanga mkali ukiyapiga mara moja, yanarudi sifuri. Kwami alipoachwa gizani hakuwa na macho. Alikuwa kipofu anayeendesha boti kwa kasi."

Enyonam alilia. Daa Mawuse alimwacha alie, kisha akaendelea, maana hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Na mlipomtafuta mkaona weupe mtupu?"

"Ndiyo."

"Vumbi na ukungu ni kama pazia. Mwanga mweupe ukizidi ukali, pazia linaurudisha kwako. Wa manjano hausumbui macho sana. Ushike chini, mbele, pembeni mwa boti, usipite mbele ya macho yako. Hata hivyo vumbi likiwa zito, taa yoyote itashindwa. Dawa ni kwenda polepole."

Dotse aliingia. Alikuwa amekonda. "Na ile omo yetu?"

"Ipake rangi nyeusi. Kila cheupe kilichoko mbele kinamrushia dereva mwanga."

"Nichague ipi sasa?" aliuliza Dotse, na safari hii alikuwa anauliza kweli.

"Usisome kilomita. Uliza inakaa na chaji kwa saa ngapi. Unatoka jioni, unarudi asubuhi, basi ipite hapo na ibaki akiba. Uliza kama mwanga unaweza kukazwa uwe mwembamba kwa kutafuta kisiki cha mbali, na kufunguliwa uwe mpana kwa kazi ya nyavu." Akavuta ndoo ya maji, akaizamisha ile kurunzi ndogo ya manjano, akaitoa inawaka. "Jaribu hivi kabla hujalipa. Muuzaji akikataa ndoo, ondoka. Na ielee, ifungwe kamba mkononi. Kitufe kiwe cha kubonyezwa kwa kidole kilicholowa. Washa, tazama, zima. Usiiache ikiwaka usiku kucha. Tochi ya akiba iwe ndani ya mfuko wa plastiki."

"Na wengine watatuonaje tukiwa tumezima?" aliuliza Enyonam.

"Taa ndogo juu ya kijiti, nyuma yenu, juu kuliko vichwa vyenu. Ionekane pande zote, isiwapige machoni."

"Na salamu je? Tukutane kama wezi?"

Daa Mawuse aliinua mabega. "Mimi mtu wa betri, dada yangu. Mambo ya salamu siyajui."

Waliinunua ile ndogo ya manjano. Walipofika ufukweni usiku umeingia, Enyonam aliishika kurunzi mpya, akaielekeza kifuani kwake mwenyewe. Uso wake ukaonekana vizuri, bila kuumiza macho.

"Anayesalimia ajimulike," alisema. "Mwenzake atamjua."

Walipolipeleka jambo hilo kwenye kikao cha wavuvi, watu walicheka.

"Nijimulike mimi? Kwani ni bibi harusi?" mmoja aliuliza.

Dotse alisimama. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Shemeji yangu hakuchukuliwa na ziwa. Nilimuua mimi, kwa salamu. Nilimjua kwa mlio wa mashine yake, nikammulika ili aone kurunzi yangu. Anayetaka kucheka na acheke."

Hakucheka mtu. Wiki hiyohiyo watatu walipaka omo zao rangi nyeusi. Wengine walikwenda kwa Daa Mawuse na ndoo zao wenyewe, akawaambia kwamba maji anayo. Kurunzi kubwa ziliuzwa kwa wenye mashamba, zikalinde viazi vikuu. Harmatani nyingine ilikuja na vumbi lake, ikapita, na hakuna boti ya Adzakope iliyopasuliwa na kisiki. Hilo halikuwahi kutokea tangu Enyonam azaliwe. Alifurahi, na kila alipofurahi alihesabu kwamba Kwami angekuwa mmoja wa waliorudi.

Akpene hakuwa na boti tena. Alikwenda sokoni kwa boti za watu. Alfajiri moja, kati ya visiki, boti aliyopanda ilikutana na ya Dotse. Dotse alipunguza mwanga, akajimulika kifuani.

"Efo Dotse! Wa nyumbani?" waliita abiria.

"Hawajambo."

Akpene alikuwa amekaa katikati, kapu magotini. Tangu msiba hakuwahi kumtazama. Sasa alimtazama usoni, kwa muda mrefu, naye Dotse hakuuondoa mwanga wala hakuinamisha kichwa.

"Nimekuona, Dotse," alisema Akpene. "Sasa zima, tupite."

Dotse alizima. Nyuma, kwenye mashine, Enyonam aliinama mbele kidogo, akingoja na yeye aitwe wifi. Boti ile ikapita polepole kati ya visiki, salama, hadi mlio wake ukapotea.