Mvuke Chumbani kwa Baba

Saa tisa na dakika kumi mchana, muuguzi wa nyumbani alirudi kutoka duka la dawa, akafungua mlango wa chumba cha mzee, na miguu yake ikapotea kwenye mvuke mweupe uliofika magotini. Mtungi mkubwa wa oksijeni ya kimiminika, baridi kupita barafu, uliojazwa jana yake tu, ulikuwa ukiipuliza yote nje. Mzee aliketi kitandani na chupa ndogo ya kubebea ubavuni, mrija puani, akipumua vizuri kabisa.

Fundi wa mtungi alifika saa kumi kamili. Wateja walimwita Mama Baridi, kwa ajili ya glavu zake nene na kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Mtoto wa mzee, mwenye nyumba, alimpokea mlangoni na hukumu yake mkononi.

"Muuguzi kaacha vali wazi akaenda kuzurura. Nimeshamwambia afungashe. Wewe niandikie tu kwamba ni uzembe wake, niwapelekee waliomwajiri."

"Naandika nilichokiona," alisema Mama Baridi. "Na bado sijaona."

Alimhamishia mzee sebuleni, kisha akasimama mlangoni bila kugusa kitu mpaka mvuke ukaisha. Vali ikiganda, mwenye papara hushika nyundo au maji ya moto, na vyote viwili humponza. Ndipo akainama. Mdomo wa mtungi, ule wa kujazia chupa ndogo, ulikuwa umeganda ukiwa wazi. Unyevu wa hewani huacha utando mweupe, laini kama unga. Hii ilikuwa barafu ngumu inayong'aa, na ndani yake kulikuwa na uzi wa njano. Mtu alikuwa ameulowesha mdomo ule kwa kitambaa chenye maji kabla ya kujaza chupa, na chupa ilipotolewa, vali haikuweza kufunga.

Muuguzi alikuwa kwenye korido, begi miguuni, macho mekundu.

"Uliondoka saa ngapi?"

"Saa nane na nusu, mama. Mtungi umejaa, chupa ndogo tupu. Nimeandika kwenye daftari. Risiti ya dawa hii hapa, saa tisa kasoro kumi."

"Na madirisha?"

"Niliyafunga, baba anasikia baridi. Nimerudi nikakuta yote wazi. Leseni yangu ikichafuka nimekwisha. Nimeisomea miaka minne."

Uzi wa njano ulimpeleka Mama Baridi jikoni, ambako mke wa mwenye nyumba alikuwa na rundo la vitambaa vya njano.

"Unanishuku mimi?" mke aliuliza. "Kweli mtungi huo unanikera, kutwa kunizomea. Lakini siusogelei hata kwa fimbo. Vitambaa hivi kila mtu anajichotea. Mume wangu anafutia gari, baba anatandika mapajani akila, muuguzi anafutia vyombo vyake. Na leo kila kitu kimeharibika. Saa tisa kasoro robo nataka kupasha chakula, jiko haliwaki. Kumbe mtu kafunga gesi huko chini ya meza."

"Siyo wewe uliyefunga?"

"Nifunge halafu nihangaike na viberiti?"

Mama Baridi aliwakusanya wote sebuleni. Moyoni alijua tayari, na hakufurahi hata kidogo.

"Aliyefanya hivi alijaza chupa ndogo kwanza," alisema. "Akafungua madirisha ili oksijeni isijikusanye. Akafunga gesi ili pasiwe na moto. Mzembe hafanyi hayo, na adui hafanyi. Ndiyo niliyofundisha siku nilipoleta mtungi, nikaonya pia kwamba mdomo ukilowa huganda wazi. Muuguzi anayajua, lakini alikuwa kwenye foleni ya dawa. Mkeo siku ile hakuwepo. Wewe ulikuwepo, ukichezea simu." Akamgeukia mzee. "Aliyeniomba nirudie mara mbili ulikuwa wewe, baba."

Mtoto alicheka. "Baba hafiki hata chooni peke yake."

"Nafika," alisema mzee. "Natundika chupa begani, napumzika kila penye kiti. Wiki tatu mama yenu amelazwa. Kila nikiomba kumwona, naambiwa kesho. Nikasema mtungi ukiisha, mtanipeleka hospitali hiyo hiyo mtake msitake."

"Cheche moja ingeteketeza nyumba," alisema Mama Baridi.

"Najua." Alimtazama muuguzi. "Kisha nikasikia unafukuzwa, nikanyamaza nikisubiri gari. Hilo ndilo linaloniuma, mwanangu. Nisamehe."

Mtoto alijifuta uso. "Nilidhani safari itakuua, baba."

"Huku kungoja ndiko kunakoniua."

Mwenye nyumba akainuka akamwendea muuguzi. "Nimekukosea. Tafadhali rudisha vitu vyako chumbani."

Muuguzi hakuligusa begi. Alipiga magoti, akasoma kipimo cha chupa ndogo, akamtazama Mama Baridi.

"Inatosha kwenda na kurudi," alisema fundi. "Nitaujaza mtungi mkiwa huko, barafu ya vali ikishayeyuka yenyewe."

Muuguzi alimvisha mzee mkanda wa chupa begani, akakaza mrija nyuma ya masikio yake, akasimama mbele ya mwenye nyumba.

"Nitabaki," alisema. "Ila ratiba ya mgonjwa anapanga muuguzi. Sasa ni saa kumi na moja, na wadi zinafungwa kwa wageni saa kumi na mbili. Lete gari."