Usukani wa Badi Uliotazama Kando

Zakia alipika mikate ya anjera. Nyingine wakala, nyingine akazifunga kwa safari. Nje, mumewe Badi alikuwa akifunga magodoro kwenye pikapu kwa mafundo ya kibaharia. Milio ya bunduki ilisikika upande wa bandari, na mtaa mzima wa Kismayo ulikuwa unahama. Kesho wao pia wangeondoka kwenda Liboi, mpakani mwa Kenya.

Badi alikuwa nahodha, mzaliwa wa kisiwa cha Chovai. Baharini hakuwa na mfano, lakini gari alilinunua majuzi tu. Na usukani wake ulichekesha. Gari likienda moja kwa moja, usukani huinama kushoto, kama mtu anayesikiliza mambo ya jirani.

"Baba Layla, usukani huu mzima kweli?" Zakia aliuliza.

"Mzima! Hata chomboni huushiki ukiwa umenyooka. Maji yakisukuma, nawe unapinga."

"Na hapa barabarani, maji yako wapi?"

Badi akajikuna kichwa.

Zakia hakucheka. Alikuwa ameona tairi za mbele zinalika ukingo wa nje. Moja ikipasuka, watabaki porini na watoto. Akamwita jirani yao Bimkubwa, mjane wa fundi magari, aliyemshikia marehemu spana miaka na miaka.

Bimkubwa alilitazama gari, akatabasamu. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Natazama kando, nakwenda mbele."

"Kaa!" alijibu Badi.

"Kaa hutazama mbele, akaenda kando. Jibu lako umelipakia magodoro!"

Wote wakacheka. Kisha bibi akauliza, "Usukani uliinama lini?"

"Gari liliingia shimoni, nikabadilisha tairodi ya kushoto. Tangu hapo."

Tairodi ni chuma kinachosukuma gurudumu likate kona.

"Ulipima urefu wa ile ya zamani?"

"Kwa jicho."

"Jicho la kupimia papa!"

"Basi tuung'oe usukani, tuurudishe ukiwa sawa."

"Utanyoosha kofia, na shingo ibaki imepinda. Tairi zitazidi kulika."

Walianza na upepo wa tairi, ukawa sawa pande zote. Wakazitikisa tairi za mbele, hakuna kilicholegea. Badi akachukua jeki.

"We mchu, mtu mzima ulale chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki?" Bimkubwa alifoka. "Liache chini! Vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu."

Zakia alinyoosha usukani, akaufunga kwa kamba usicheze. Badi akaleta mshipi wake wa kuvulia. Wakauvuta kutoka tairi ya nyuma hadi ya mbele. Upande wa kulia mshipi uligusa tairi ya mbele vizuri, mwanzo na mwisho. Kushoto uliacha mwanya kwa mbele: tairi ilitazama ndani.

"Tairodi imezidi urefu," alisema Bimkubwa. "Legeza nati. Zungusha tairodi kidogo kidogo, ifupike. Usiwe na haraka."

Badi alizungusha, Zakia akatazama mshipi. Mwanya ukaisha. Wakakaza nati mpaka spana ikagoma, wakafungua kamba na kulijaribu gari polepole kwenye barabara iliyonyooka. Usukani ulitulia katikati.

"Ukifika mjini, fundi alipime kwa mashine," bibi alionya. "Mshipi ni wa kuwafikisha tu."

"Kutufikisha sisi peke yetu? Nawe panda!" alisema Zakia.

Walifika Liboi tairi zote zikiwa nzima. Zakia alizikagua moja moja, ndipo moyo wake ukatulia.

"Kitendawili!" alisema.

"Tega!" aliitikia Bimkubwa juu ya magodoro.

"Natazama mbele, nakwenda mbele."

"Ah, mwanangu! Hicho si kitendawili. Hilo ni gari tu."