Lori Chini ya Ghuba ya Nungwe

Mtumbwi ulikwenda zake saa tano asubuhi, wenyewe wote wawili wakiwa chini ya maji. Upepo uliusukuma taratibu kuelekea ziwa kuu, makasia ndani, sufuria ya viazi ndani, na shati la Onesmo limetundikwa ukingoni. Hakuna aliyeuona ukiondoka.

Mwenye kosa alikuwa Donatus, ingawa kosa lenyewe angelifanya mchimbaji yeyote wa dhahabu wa Nyarugusu, kama walivyokuwa wote wawili. Shimoni, mtu wa juu havuti kamba mpaka wa chini aitikise. Ukimvuta mwenzako akiwa amejipenyeza kwenye ufa wa mwamba, utamvunja mbavu. Kwa hiyo Onesmo alipozama na kamba kiunoni, Donatus alikaa mtumbwini, akaishika na kungoja. Kamba haikutikisika. Alihesabu pumzi zake mpaka akachoka kuhesabu. Mwishowe akafungua jiwe la nanga, akalikumbatia ili limzamishe upesi, akajitosa. Mdomo wa shimo hauhami mtu akishuka. Mtumbwi huhama, na hilo hakuliwazia.

Walikuwa wamefuata lori. Mwaka 1943, vita vikiendelea, tishari lililobeba malori ya jeshi lilipinduka kwa dhoruba katika ghuba hiyo. Clemens, mdogo wake Onesmo, alikuwa mmoja wa madereva. Jeshi liliandika kwamba hajulikani alipo, na kwa miaka minane Onesmo aliishikilia barua ile. Kutojulikana alipo si kufa, alisema, na kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo akakataza matanga. Bila matanga, Euphrasia, mke wa Clemens, alibaki kuwa mke wa mtu kule Ushirombo. Donatus alimtaka Euphrasia, naye Euphrasia alimtaka Donatus. Ndipo Donatus aliposema, kaka, twende tukaone kwa macho. Basi mmoja alipiga kasia akiomba lori liwe tupu, mwenzake akiomba liwe na mtu. Wote ni Wakatoliki; sijui huko juu maombi hayo yalipokelewaje.

Pima nne chini, tishari lilikuwa limelala kifudifudi, malori yamebanwa chini yake, pua zimezama topeni. Onesmo aliingia kwenye la kwanza kwa kupapasa. Aligusa mlango, akagusa usukani, akagusa mifupa ndani ya koti lililooza. Shingoni palikuwa na medali ya shaba ya Bikira Maria yenye matundu mawili. Tundu la pili alilitoboa Onesmo mwenyewe kwa msumari, siku lile la kwanza lilipokatika. Aliivua. Hakusikia uchungu, hakusikia hofu, hakusikia kitu.

Pumzi zikamwishia. Akapanda, na kichwa chake kikatokea ndani ya tumbo la tishari, palipokuwa na hewa iliyonaswa tangu siku ya kuzama. Akaivuta. Shimoni asingethubutu kabla ya kutanguliza mshumaa, maana hewa iliyofungiwa miaka huua, na mshumaa huzimika kabla ya mtu. Kule hakukuwa na mshumaa. Usingizi mzito ukamjia, akaona heri akae papo hapo na mdogo wake.

Donatus aliifuata kamba akamkuta mdomo uko juu ya maji kidogo tu. Kamba ilikuwa imenasa kwenye chuma; akaikata kwa kisu, akamburuta. Ukingo wa tishari ukamchana Onesmo paja kwa urefu wa kiganja. Walipoibuka, ziwa lilikuwa jeupe kwa jua, bila mtumbwi upande wowote.

Kulikuwa na kisiwa cha mawe, mwendo wa kurusha jiwe mara tano, kimepakwa vinyesi vya minandi, wale ndege weusi wavuao samaki. Donatus alimvuta mwenzake kwa kidevu mpaka huko. Akavua shati lake, akalipasua, akalifunga jeraha.

"Unasikia maumivu?"

"Yaya," alisema Onesmo kwa Kisukuma. Hapana.

"Lori lilikuwa na mtu?"

"Yaya. Tupu."

Donatus alikaza fundo. "Haya," akasema.

Maji yalikuwa tele. Kilichokosekana ni kila kitu kingine. Hapakuwa na kivuli cha kumfunika mtoto. Mamba mmoja alizunguka mara mbili akaondoka. Paja la Onesmo lilivimba, likawa la moto, naye akalitazama bila kujali. Donatus alimchotea maji kwa viganja, akamkinga jua kwa mgongo wake mwenyewe mpaka ngozi ikababuka. Hakurudia swali lake.

Siku ya pili, adhuhuri, aliokota mayai matatu ya minandi. Akayaweka yote mbele ya Onesmo.

"Kula, kaka. Lakini toa hicho ulichoficha kinywani kwanza, utakimeza."

Onesmo alimtazama. Shavuni, ndiko wachimbaji wanakoficha jiwe la dhahabu wasilotaka msimamizi alione, na mchimbaji mwenzako humdanganyi kwa hilo. Hujua kwa kumsikia mtu anavyotamka maneno yake.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu jana, uliposema tupu."

"Na ukaendelea kunifunga jeraha."

"Sasa ningefanyaje? Nikuache ufe?" Donatus aligeukia ziwa. "Ukitaka kukitupa, kitupe. Mimi sitasema. Nimechoka, kaka."

Onesmo alitema medali kiganjani. Kinywa kilikuwa na ladha ya shaba. Akalipasua yai moja akala, akamsukumia Donatus mawili.

Jioni ile mashua iliyobeba marobota ya pamba iliwaona na kuwachukua. Nchi kavu, mganga mmoja alimkamua usaha, akamfunga majani. Walifika Ushirombo siku ya tisa, Onesmo akichechemea kwa mkongojo. Donatus alibaki nje ya ua.

Euphrasia alikuwa akipepeta mtama. Akautua ungo, akapiga goti. "Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

Aliutazama mguu, akamtazama Donatus aliyesimama njiani. Onesmo akaiweka medali juu ya mtama. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, yakabaki mawili.

"Clemens amekufa."

"Najua, shemeji. Nilijua mwaka uleule." Aliinua medali, akaipangusa vumbi la mtama kwa kanga. "Sasa unaniruhusu nimlilie?"

Onesmo alifungua kinywa amjibu, na sauti ya kwanza ya msiba iliyosikika katika ua ule ikawa yake.