Kasia la Basile

Kasia lililotundikwa ukutani kwa Urbain lilikutwa asubuhi limelowa chepechepe, na mvua ilikuwa haijanyesha Kalemie kwa muda mrefu. Urbain alilifuta kwa shati. Alilijua kosa lake.

Ilikuwa miaka ile ya salongo, kazi za lazima za serikali. Basile, mwenzake wa uvuvi, alikuwa amekufa maji, na desturi ya wavuvi wa pale ni moja: kasia la aliyezama hurudishwa ziwani siku ya kumaliza matanga, asije akalifuata. Mjane wake Émérence, mama yake Noëlla, alimkabidhi Urbain kazi hiyo. Lakini lilikuwa kasia la mninga, zuri ajabu, na tamaa ikamshika. Akaviringisha bovu lake mwenyewe kwenye gunia, akalitosa mbele za watu. Walilia, naye akalia nao, mnafiki mkubwa!

Siku hiyo lilipokutwa limelowa, Urbain alichukua kasia la Basile, akatoka kuvua na mdogo wake Edouard. Jua lilikuwa utosini walipogeuza mtumbwi, na upepo ukaanza. Wakavuta kuelekea mdomo wa mto Lukuga hadi wakayaona mabati ya nyumba. Wimbi likawapiga, likawarudisha. Wakavuta tena. Mabati yaleyale, wimbi lilelile, likawarudisha palepale. Harufu ya maiti ikajaa mtumbwini.

"Yaya," Edouard alimnong'oneza kaka yake, "iko muntu anavuta pamoja na sisi. Sikia."

Kweli, kila Urbain alipochovya kasia, jingine lilichovya nyuma, kushoto, alikozoea kukaa Basile.

"Usigeuke. Vuta tu."

"Ile kasia njo yake! Uliitupa ao hapana?"

Kabla Urbain hajajibu, kasia lilimponyoka mikononi, likampiga Edouard mdomoni hata meno yakamwagika, likampiga tena, na tena, huku vidole vya rangi ya samaki aliyeoza vikishika ukingo wa mtumbwi, na Urbain akavikata kwa panga, vikadondoka miguuni pake vikikunjuka na kukunjika, na vingine vikashika palepale, akakata, vikashika, akakata, mpaka mkono mzima ukapanda, ukamkamata Edouard nywele na kumvuta chini.

Urbain akaliokota kasia mtumbwini, akalitupa majini, akapiga kelele: "Basile, kamata kitu yako! Unirudishie mutoto wa mama!"

Ziwa likatulia. Edouard akaibuka, kasia mkononi. Urbain alilia kwa furaha, akamvuta ndani. Edouard akakaa nyuma, kushoto, akavuta kasia bila neno, na safari hii hakuna wimbi lililowarudisha.

Ufukweni mama yao, Lucie, alimkimbilia na kitenge amfunike. Edouard akampita. Akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Émérence, Urbain na mama yao wakimfuata, akaegemeza kasia ukutani, akapangusa damu mdomoni.

"Mama Noëlla, chakula iko?" aliuliza, kwa sauti nzito ya Basile. "Kule chini baridi iko mingi."

Chungu kikamponyoka Émérence. Lucie, kitenge bado mikononi, akamgeukia Urbain.

"Na mutoto wangu," akauliza polepole, "umemuacha wapi?"