Hodi Kwenye Mierezi

Hodi inapigwa mlangoni. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua, na kama unabisha njoo nikufundishe bure. Sasa niambie, wewe mjuaji: mtu akipiga hodi katikati ya msitu, penye mierezi mitupu, hakuna ukuta wala kitasa, anataka kuingia wapi?

Kinyozi hakujiuliza. Alikuwa amekaa juu ya mzizi, chupa ya chai mapajani. Ilikuwa Jumatatu, siku anayofunga saluni. Msitu wenyewe uko nyuma ya nyumba yake: unavuka uzio, unapanda kwenye misonobari iliyojiotea ovyo, na pumzi zikikuishia ndipo unaikuta mierezi, minene, chini yake kiza hata mchana. Zamani alipanda na mkewe, mke mbele, yeye nyuma anahema na kitambi chake. Mke alifariki. Sasa alipanda peke yake, na bado alitembea kama mtu wa nyuma, akiacha nafasi mbele.

"Hodi," ikasema sauti ya kike mgongoni kwake.

Mtu aliyenyoa vichwa maisha yake yote, mdomo wake hausubiri akili. "Karibu, karibu! Ingia, kiti kipo!"

Akageuka. Hakuna mtu. Ila harufu ya mierezi ilizidi, ile harufu ya penseli iliyochongwa sasa hivi, kali mpaka pua inawasha. Akajicheka, akafunga chupa yake, akaanza kushuka. Kwenye misonobari nyayo hazisikiki, maana majani makavu yamelala chini kama godoro. Kinachosikika ni koni kavu, yale matunda magumu ya msonobari, zinazovunjika ukizikanyaga. Alizisikia zikivunjika. Akasimama. Zikaendelea kuvunjika, mbele yake, kwenye ile nafasi.

Jioni binti yake akapiga simu. Mwaka mzima kinyozi alikuwa anambembeleza ahamie kwake na kichanga chake, maana nyumba ya vyumba vinne na mtu mmoja inakufanya upige soga na friji. Binti alikuwa ameshakubali, anafunga mizigo.

"Baba, umeoa?"

"Nani anitake mimi na tumbo hili?"

"Usinitanie. Nani anaimba hapo?"

Kinyozi akatazama sebule. Kimya. Harufu ya penseli.

"Redio," akadanganya.

"Baba." Binti akashusha sauti, kama aliyeogopa kusikika na mtu aliye upande wa pili. "Redio imeniambia nimlete mtoto. Imesema, 'Mlete nimpakate.'"

"Mwanangu, hebu sikia..."

"Siji. Mpaka huyo mtu atoke humo ndani, siji, na mjukuu wako utamwona kwenye picha."

Simu ikakatika. Kutoka chumbani kitanda kikalia taratibu, upande wa marehemu, kama mtu anayejigeuza kutafuta usingizi.

Usijifanye shujaa hapo. Hata wewe ungelala saluni. Kinyozi alilala kwenye kiti cha wateja, shuka la kunyolea ndilo blanketi, na asubuhi akamfuata bibi wa dawa, mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu. Bibi alifika mlangoni, akanusa, akakataa kuvuka kizingiti.

"Alipiga hodi?" akanong'ona.

"Ndiyo, bibi."

"Ukamjibuje?"

Kinyozi akajikuna shingo.

"Nakuuliza, mzee wa mkasi."

"Nikamwambia karibu."

"Wee! Jini anapiga hodi na wewe unamwambia karibu! Na soda ulimpa?"

"Kiti tu."

Bibi hakucheka. "Angevamia ningemtoa mwenyewe. Huyu ni mgeni wako, na mgeni anasindikizwa na mwenyeji wake. Mpeleke mpaka pale mlipokutana, mwambie kwaheri, geuka, shuka. Neno moja. Ukiongeza jingine, usinitafute. Nitakungoja chini, msitu unapoanzia."

Kinyozi akampigia binti. "Njooni. Anaondoka leo. Mkinikosa nyumbani msishtuke, kuna bibi wa dawa ananisaidia."

Binti alilia kwa furaha, akapanda gari na mtoto.

Basi kinyozi akafungua mlango, akasema, "Twende nikusindikize." Wakavuka uzio, wakaingia kwenye misonobari, na koni zikaanza kuvunjika mbele yake, moja hapa, moja pale, mwendo uleule wa mkewe, na alipoishiwa pumzi zikanyamaza kumngoja, na alipoanza tena zikaanza tena, na akajikuta anaogopa lakini hataki njia iishe, kwa kuwa tangu mazishi hakuna aliyewahi kumngoja popote, si mezani, si kitandani, si kwenye kilima hiki, mpaka mierezi ikawafunika na harufu ikamjaa kooni na mbele yake pakatulia, pakawa na kitu kimesimama kinamtazama, kirefu kama mtu, ingawa macho yake hayakuona ila hewa.

"Kwaheri," akasema.

Hapo ndipo alipotakiwa ageuke. Lakini huyu jamaa, kila kichwa kilichotoka kwenye kiti chake alikiaga vilevile, miaka yote, bila kufikiri. Maneno yakamtoka:

"Karibu tena."

Msitu ukanyamaza wote. Kisha, "Asante," sauti ikasema, tena si hapo kwenye mierezi, bali chini, upande wa nyumbani, na koni zikasikika zinapasuka kwa mbio kuteremka.

Kinyozi akakimbia. Alianguka, akaamka, akapoteza kofia, akatokea pale msitu unapoanzia hana pumzi hata ya kulia. Bibi wa dawa alikuwepo.

"Umesema neno moja?"

Simu ikaita kabla hajajibu.

"Baba, tumefika!" Binti alikuwa anacheka. "Bibi wako wa dawa mcheshi jamani! Katupokea mlangoni, kambeba mtoto, mtoto katulia kimya, wala hapepesi macho. Nikupe uongee naye?"

Kinyozi akamtazama bibi wa dawa. Alikuwa amekaa kwenye kisiki mbele yake, amevua kiatu kimoja, anakung'uta majani ya msonobari. Akauliza bila kuinua kichwa, "Nani huyo anapiga?"